Ufundi wa kufifiza taa: vijana waelekezwe, wasizuiwe

Kabla ya nguzo za umeme kufika mashamba, kila nyumba ya Unguja na Pemba iliyokuwa na kandili ilikuwa pia na chombo cha kupunguzia mwanga, wala hapakuwa na mtu aliyekiona kuwa ni kitu cha ajabu. Kilikuwa ni kile kigurudumu kidogo cha ubavuni. Mama aliyekwisha kumlaza mtoto alikizungusha, utambi ukashuka, na chumba kikabakiwa na mwanga wa kutosha kuona njia bila ya kumsumbua aliyelala. Ilipokuja globu ya umeme mwanga uliongezeka mara nyingi, lakini kigurudumu kile kikatoweka. Swichi ya ukutani haijui ila amri mbili: washa na zima.

Siku hizi kigurudumu hicho kinarudi kwa njia nyengine. Vijana wanaosoma umeme na elektroniki, pamoja na wengine waliojifunza wenyewe kwa kusoma na kujaribu, hutengeneza vifaa vya kuongoza taa za nyumbani kwa simu, kwa saa au kwa kitufe kimoja. Ndani ya vifaa hivyo mna maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyokusanywa katika chipu moja. Jambo hilo ni la kusifiwa. Hata hivyo lina upande wake wa hatari, na ni kwa ajili ya upande huo ndipo tunaona yafaa lizungumzwe hadharani, mbele ya wananchi na mbele ya wahusika Serikalini, kabla hatujalazimika kulizungumza msibani.

Kufifiza taa za umeme si uvumbuzi wa leo. Katika majumba ya michezo ya kuigiza ya Ulaya na Marekani mafundi waliweka rezista kubwa mbele ya taa, na umeme usiotakiwa ukageuka joto la bure. Mwaka 1959 Joel Spira wa New York alitengeneza kifaa kidogo cha ukutani kisichochoma umeme wa ziada, bali kinachoukata vipande vipande kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuiona. Mwaka 1961 alianzisha kampuni ya Lutron kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Kilichoongezeka tangu wakati huo ni kwamba kazi ya mkono unaozungusha kitasa imekabidhiwa chipu. Na chipu zenyewe zimekuwa rahisi kuzifundisha kazi tangu mwaka 2005, pale walimu na wanafunzi wa mji wa Ivrea, Italia, walipotoa ubao wa Arduino uliokusudiwa watu wasiokuwa wahandisi.

Yatupasa kwanza tuelewe kazi inavyofanyika, kwani asiyeielewa hawezi kuiona hatari yake.

Umeme unaofika majumbani mwetu ni wa volti 230, na ni wa mkondo geu. Maana yake ni kwamba hauendi upande mmoja kama maji ya mfereji, bali huenda na kurudi kama maji kujaa na kupwa, mara 50 katika kila sekunde. Kila unapogeuka hupita mahali ambapo hauna nguvu yoyote, na mahali hapo mafundi hupaita sifuri. Kwa hiyo umeme hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na baina ya sifuri moja na nyengine pana milisekunde 10 tu. Katikati ya muda huo, nguvu yake hupanda hadi kufikia karibu volti 325. Wengi husahau kwamba zile 230 ni kipimo cha wastani wa kazi yake, wala si kilele chake.

Maikrokontrola haina ubavu wa kushika nguvu hiyo. Yenyewe hufanya kazi kwa volti 5, na nyengine kwa volti 3.3. Ni kichwa kisicho na mikono. Mkono wake ni kipande kiitwacho trayaki, ambacho twaweza kukifananisha na mlango unaofunguka kwa kusukumwa mara moja, na ukishafunguka haufungiki mpaka maji yote yamalize kupita. Chipu hungojea umeme upite sifuri, huhesabu muda, kisha huusukuma mlango. Umeme hupita mpaka sifuri inayofuata, na mlango hujifunga wenyewe. Chipu ikichelewa kidogo, taa hupata sehemu kubwa ya umeme. Ikichelewa sana, taa huambulia mkia tu.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na si kwa ujinga wao. Mtu hudhani kwamba akigawa zile milisekunde 10 sawasawa, mwanga nao utagawika sawasawa. Sivyo. Mlango ukifunguliwa baada ya milisekunde 2.5, yaani robo ya muda imekwisha kupita, umeme uliopotea si robo, kwani asilimia 91 bado inaifikia taa. Ukifunguliwa baada ya milisekunde 5 hupita nusu kamili. Ukifunguliwa baada ya milisekunde 7.5 hubaki asilimia 9 tu. Sababu ni kwamba umeme ulio karibu na sifuri ni mdogo, na wingi wake uko katikati. Kwa hiyo taa iliyopangwa bila ya hesabu hii hukaa bila kubadilika mtu anapoanza kuzungusha, kisha ghafla hutumbukia gizani. Kijana mwenye akili huandika jedwali la nyakati na kulitia ndani ya chipu, na kwa jedwali hilo mwanga hushuka taratibu kama utambi.

Wakaazi wa visiwani wana sababu ya pekee ya kulijali suala la wakati. Unguja imeunganishwa na umeme wa Bara tangu mwaka 1980, ulipolazwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Pemba iliendelea kutegemea mashine za dizeli za Wesha hadi mwaka 2010, ulipofika waya kutoka Tanga. Hapana Muunguja mtu mzima aliyesahau giza la Mei na Juni 2008, wala lile la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo kisiwa kizima kilikaa miezi mitatu bila ya umeme wa waya. Waya wa pili wa Unguja, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013, nao ulileta nafuu kubwa. Lakini jenereta hazikutupwa. Zimo hotelini, madukani na majumbani, zikingojea siku yake.

Jenereta ndogo haishiki mwendo kama umeme wa gridi. Ukiwasha pasi huzidiwa na kwenda polepole. Ukiizima pasi huruka mbio. Chukua mfano wa kifaa kilichofundishwa kwamba muda baina ya sifuri mbili ni milisekunde 10 daima, nacho kimeamrishwa kufungua mlango baada ya milisekunde 9.6 ili taa iwe hafifu kabisa. Jenereta ikipanda kufikia mizunguko 53 kwa sekunde, muda huo hupungua na kuwa kama milisekunde 9.4. Chipu itafungua mlango wakati sifuri imekwisha pita na wimbi jipya limeanza, na taa iliyotakiwa iwe hafifu itawaka kwa nguvu zake zote. Mwendo ukiyumba, taa nayo itamulika na kufifia kama radi. Watu husema nyumba ina mashetani. Dawa yake ni mistari michache ya programu: chipu ipime yenyewe urefu wa kila wimbi, na ihesabu kwa kipimo hicho badala ya kukariri 10. Kifaa kilichoagizwa kutoka nchi ambako umeme haukatiki huenda hakikufundishwa hivyo. Kijana wa Mkokotoni au wa Wete anayejua maisha ya jenereta ana sababu ya kukifundisha, na hapo ndipo kazi ya mwenyeji yaweza kuwa bora kuliko ya mgeni.

Tugeukie hatari.

Ubao wa kufifizia taa ni nyumba moja yenye vyumba viwili. Katika chumba kimoja mna volti 5, ambazo mtoto anaweza kuzishika. Katika chumba cha pili mna volti 230. Baina ya vyumba hivyo hapana waya unaoruhusiwa kupita. Amri huvuka kwa mwanga, kupitia kipande kidogo kiitwacho optokapla, ambacho ndani yake taa ndogo humulika kiwambo kilicho upande wa pili, na hivyo habari ikafika bila ya umeme kugusana na umeme. Usalama wa nyumba nzima umesimama juu ya ukuta huo. Nafasi baina ya mistari ya shaba ya upande huu na ya upande ule isipungue milimita kadhaa, na mafundi waangalifu huacha 6 hadi 8, tena hutoboa mwanya katika ubao ili vumbi na unyevu visijenge daraja. Sisi tunaoishi katika hewa ya chumvi twapaswa kuwa waangalifu kupita wengine. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hunyonya unyevu, na chumvi iliyoyeyuka hupitisha umeme. Ubao ulio salama katika chumba kikavu huenda usiwe salama nyuma ya ukuta wa Shangani wakati wa masika.

Vipande vyenyewe huchanganya. Pana optokapla za kuongozea trayaki za aina mbili zilizofanana kwa umbo kama mapacha. Ile iitwayo MOC3021 hufungua mlango papo hapo inapoamrishwa. Ile iitwayo MOC3041 hungojea kwanza umeme upite sifuri, na kwa hiyo yafaa kuwasha na kuzima tu. Haiwezi kufifiza taa hata ukiisihi. Wapo waliopoteza wiki nzima wakitafuta kosa katika programu, kumbe dukani waliuziwa pacha asiye wao. Kosa hilo halimdhuru mtu. Lakini linaonesha jinsi kazi hii isivyotosheka na kuiga mchoro wa mwengine.

Lenye kudhuru ni jambo ambalo mwenye nyumba hataliona kwa macho. Taa iliyozimwa kwa trayaki haikuzimwa kwa maana ya fundi wa umeme. Mlango huo hauzibi kabisa. Aidha, aghalabu huwekewa ubavuni kapasita na rezista za kuukinga na misukosuko ya umeme, na kapasita ya ukubwa wa kawaida, nanofaradi 100, hupitisha kiasi cha miliampia 7 muda wote. Kiasi hicho humrusha mtu, naye akiwa juu ya ngazi akibadilisha globu, anguko laweza kumdhuru kuliko umeme wenyewe. Tena trayaki ikiharibika mara nyingi hufa huku mlango wake uko wazi: taa hubaki inawaka, na simu ikaamuru bure. Kwa hiyo hapana budi pawe na swichi ya kweli ya kukata waya wa moto, pawe na fyuzi, na pawe na ile breka inayojikata umeme unapovuja miliampia 30. Katika nyumba ambazo waya wa ethi haupo, au upo kwa jina tu, kifaa cha namna hii kisifungwe mpaka ethi itengenezwe. Na kijana anayejaribu ubao wake asiuunganishe na kompyuta wakati upande wa volti 230 una umeme, isipokuwa ana hakika ya ukuta ule tuliousema.

Yuko pia jirani mwenye redio. Kila mlango unapofunguka ghafla, mara 100 kwa sekunde, hutoa kelele inayoingia katika mawimbi ya kati. Koili ndogo mbele ya trayaki huinyamazisha, na wanaobana matumizi huiacha.

Baada ya yote hayo, yafaa tuseme jambo ambalo wauzaji hawalipendi. Katika nyumba nyingi za leo trayaki si chaguo bora. Ilibuniwa enzi za globu ya uzi, ambao hupata moto na kupoa polepole na hivyo hauonyeshi mikato. Hata globu hiyo haikuwa na uwekevu ilipofifizwa: volti zikishuka kutoka 230 hadi 163, iliendelea kula zaidi ya nusu ya umeme wake huku mwanga uliobaki ukiwa kama theluthi moja. Taa ya LED ni kitu chengine kabisa. Ndani yake mna kifaa cha elektroniki chenye kapasita, na trayaki inapoifungulia umeme ukiwa kileleni, kapasita hiyo hubugia kwa pupa. Tena taa ya wati 9 huvuta mkondo mdogo mno kiasi kwamba mlango hujifunga kabla ya wakati. Matokeo yake ni taa kutetemeka, kuvuma, na kufa mapema. Zipo LED zilizotengenezwa kufifizwa, na zimeandikwa hivyo katika kasha lake. Ambayo haikuandikwa, isifungwe. Wala trayaki ya taa isipewe pangaboi, kwani mota huvuma na kupata moto.

Na hesabu ya fedha isemwe kwa ukweli. Anayebadilisha globu ya wati 60 akaweka LED ya wati 9, na kuiwasha saa tano kila usiku, huokoa zaidi ya uniti 7 kwa mwezi. Akiififiza LED hiyo hadi nusu, ataokoa kama theluthi mbili ya uniti moja. Kwa hivyo asidanganywe mtu kwamba kufifiza taa ni njia ya kupunguza bili. Mwenye lengo hilo aanze na globu.

Faida ya kufifiza iko kwengine. Iko katika chumba cha mgonjwa anayehitaji kuangaliwa usiku, katika ukumbi wa skuli, katika hoteli za Nungwi na Kiwengwa. Iko pia ufukweni. Kasa anapoanguliwa usiku huelekea palipo na mwanga, kwani kwa maumbile mwanga huo ulikuwa ni wa upeo wa bahari. Taa kali za majengo humvuta nchi kavu akafa. Hoteli yenye taa zinazoshuka zenyewe usiku, na zilizokingwa zisielekee pwani, humpa kasa nafasi, na kazi ya kuzishusha ni ya maikrokontrola.

Na kwa kazi hizo zote ipo njia iliyo salama zaidi kuliko trayaki. Ni kutumia LED za volti 12, zinazolishwa na kifaa kilichokaguliwa cha kushusha umeme, kisha maikrokontrola ikazififiza upande wa volti 12 kwa kuziwasha na kuzizima mamia ya mara kwa sekunde kupitia transista aina ya mosfeti. Mwanafunzi hujifunza hesabu ile ile na programu karibu ile ile, wala volti 230 hazifiki mezani kwake. Zaidi ya hayo, taa hizo hulishwa moja kwa moja na betri ya jua pale umeme unapokatika. Kwetu sisi tuliokwisha kukaa miezi mitatu gizani, sifa hiyo si ndogo.

Sasa tunawaelekea wahusika. Ni rahisi kwa ofisi kutoa tangazo kwamba vifaa vya mikono ya vijana ni marufuku. Tangazo hilo halitazuia kitu. Kazi itaendelea kufanywa chini ya ngazi na juu ya dari, pasipo mkaguzi, na wa kwanza kuijua atakuwa mtu wa zimamoto. Kunyamaza nako si sera. Tunaloliomba ni jambo la wastani. Vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vifundishe ufundi huu pamoja na utandazaji wa nyaya, kwa kuanza na volti 12, na asivuke kwenda 230 ila aliyefuzu. Taasisi ya Viwango Zanzibar iwe na mlango ambao kijana ataupelekea ubao wake ukapimwa ule ukuta wa baina ya vyumba viwili, kwa ada anayoimudu. Shirika la Umeme nalo, mafundi wake wanapokagua nyumba, waulize kama pana kifaa cha kufifiza taa na wakitazame, bila ya kumtisha mwenye nyumba. Na waagizaji wa taa wadaiwe maandishi yanayosema wazi, kwa Kiswahili, kama taa hiyo yafifizwa au haifai.

Mtihani wa kumvusha mwanafunzi hauhitaji karatasi nyingi. Aoneshwe taa iliyofungwa kwa trayaki, imezimwa kwa simu, haina hata chembe ya mwanga, kisha aambiwe aibadilishe globu. Atakayenyoosha mkono arudi darasani. Atakayeuliza kwanza swichi ya kukata waya wa moto iko wapi, na baada ya kuikata akaichukua mita akapima, apewe cheti chake.